Kitulo, Rungwe, Ngosi: kwa nini mgeni hakai siku ya pili?

#1 Mtembezi wa Uporoto

Wakuu, salaam.

Nimetoka Hifadhi ya Taifa ya Kitulo juzi na kuna jambo limenikaa rohoni. Gesti niliyolala pale Matamba tulikuwa watu wanne tu: mimi, mnunuzi wa viazi kutoka Makambako, na wageni wawili wa Kizungu, mtu na mkewe, rika la wazazi wangu. Asubuhi wakaingia hifadhini. Saa tisa alasiri nawakuta wanafunga mabegi. Nikauliza mbona mapema, yule mama akanijibu kwa Kiswahili chake cha kujifunza: "Tumeona maua. Tumemaliza."

Uwanda wa kilomita za mraba zaidi ya 400, mimea aina 350 na ushee, okidi peke yake aina 45, umemalizwa kwa saa sita. Kesho yake walikuwa barabarani kuelekea Iringa.

Swali langu si kwa nini watalii hawaji Nyanda za Juu Kusini. Hilo tumelisema mpaka tumechoka. Nauliza kuhusu yule ambaye ameshafika. Mbele yake ana Kitulo, Mlima Rungwe, Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, maporomoko ya Kaporogwe, na chini kabisa Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mbona halali siku ya pili na ya tatu?

Dai langu: tatizo ni njia za miguu. Hatuna njia yenye alama ambayo mtu ataifuata siku tatu bila kurudi alikoanzia. Karibuni.

#2 Dereva wa Chimala

Mkuu, umeanza na njia za miguu wakati ya gari haijakaa sawa. Hamsini na Saba unaijua? Kutoka Chimala kupanda Matamba, jina lenyewe ni hesabu ya kona. Mimi napandisha mbolea na kushusha viazi kwa Fuso mwaka wa kumi na moja sasa. Januari udongo ule unakuwa sabuni.

Mwaka juzi nilikuta gari ya wageni imelala ubavu wa mlima, tairi la nyuma linazunguka bure. Tulikata matawi, tukamimina mchanga, tukafunga mnyororo. Kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni. Kuna dada mmoja mgeni alikaa juu ya jiwe muda wote ule, amekumbatia begi, haongei. Mtu aliyepita pale hawazi usiku wa pili. Anawaza kushuka kabla ya mvua ya mchana.

#3 Mama Ndulamo

Habari zenu. Mimi nina vyumba sita vya kulaza wageni upande wa Makete, kwa hiyo naongea nilichokiona kitandani.

Ni baridi. Basi. Mgeni anatoka nchi ya barafu, anaamini Afrika ni joto, anakuja na shuka jembamba na kaptula. Huku tupo zaidi ya mita 2,000, na Kitulo kwenyewe ni mita 2,600. Juni na Julai asubuhi unakuta sakitu nyeupe juu ya majani ya viazi. Kwao wana nyumba zenye moto ndani ya kuta. Kwetu chumba ni tofali na bati, ukizima taa umebaki na mablanketi yako.

Nilipoanza kuweka mablanketi matatu kila kitanda na chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni, watu wakaanza kuniomba siku ya pili. Wengi hawakuwa wamepanga. Na tafadhali wenye gesti mnaosoma hapa: msimpe mgeni jiko la mkaa chumbani, hata akililia. Dirisha likifungwa, hewa ile inaua mtu usingizini.

#4 Bwana Ramani

Tuweke mambo sawa kabla uzi haujaenda mbali, maana nimeona watu mitandaoni wanaandika Kitulo ipo Mbeya. Sehemu kubwa ya hifadhi ipo wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe. Upande mdogo ndio upo mkoa wa Mbeya. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuhifadhiwa kwa ajili ya mimea kuliko wanyama.

Na hapo ndipo nampinga #1. Mgeni wa Tanzania amefundishwa kwamba hifadhi ni simba na tembo. Akifika Kitulo anatazama dirishani anasubiri kitu kitoke. Hakitoki. Maua hayakimbii, hayaungurumi. Bila mtu wa kumwonyesha kwamba okidi hii ina umri gani ardhini na mdudu gani anaichavusha, atasema amemaliza, na kwa kipimo chake amemaliza kweli.

#5 Mnyakyusa wa Syukula

Bwana Ramani, asante kwa masahihisho, ila mnyama tunaye. Kipunji, kima wa misitu yetu! Wawindaji wa huku walikuwa wanamtaja miaka yote, wataalamu wakidhani ni hadithi ya kuchanganya watoto. Mwaka 2003 watafiti wakamwona kwa macho msitu wa Rungwe na Livingstone, na wenzao wengine wakamkuta Udzungwa bila kujua habari za huku. Mwaka 2005 akaandikwa rasmi, 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima Afrika haikuwa imepatikana tangu 1923. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikuta wapo kama 1,100 tu duniani kote.

Mimi nimemsikia mara nyingi kuliko kumwona. Mlio wake ni kama mtu anayekohoa na kubweka kwa wakati mmoja, halafu msitu mzima unanyamaza. Nimemwona mara moja vizuri: nywele zimesimama kichwani kama kibwenzi, mkia mrefu umeinuliwa, anatafuna tunda ananitazama. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

#6 Dereva wa Chimala

Mwana wa Syukula, huyo kima wako siku akikubali kukaa barabarani apigwe picha, nitapakia wageni kwenye Fuso.

#7 Mwalimu wa Jiografia

Wakuu, naona kila mtu anashika sehemu yake. Mimi nitashika mvua.

Maua ya Kitulo yanakuwa kileleni Desemba hadi Aprili. Hiyo ndiyo masika yetu. Mgeni wa Ulaya na Marekani anakuja kwa wingi Juni hadi Septemba, likizo zao, na kipindi hicho kaskazini nyumbu wanavuka mto Mara. Akija huku wakati huo anakuta nyasi za kahawia na upepo. Akija wakati wa maua anakuta barabara ya #2. Yaani kitu kizuri na njia nzuri havikutani hata siku moja.

Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miteremko ya Rungwe inayotazama Ziwa Nyasa inapata zaidi ya hapo. Hakuna tangazo litakalokausha hiyo mvua. Ni ziwa na milima vinavyoshirikiana: upepo unabeba unyevu kutoka ziwani, unapanda mlima, unapoa, unamwaga.

#8 Mtembezi wa Uporoto

Mwalimu, shikamoo. Nakubali mvua, lakini Wanyakyusa wanatembea Tukuyu kila siku ya mvua. Mtu hakosi kwenda shamba. Mgeni anatembea kwenye mvua kwao Uskoti na analipia. Kinachomshinda ni kutojua aende wapi.

Mama Ndulamo, ile ya chupa ya maji ya moto nimeiandika kwenye daftari.

#9 Mwalimu wa Jiografia

Marahaba. Mnyakyusa anatembea na gambuti na mwavuli, na anajua mto gani haupitiki leo. Mgeni amevaa jinzi. Jinzi ikilowa kwenye upepo wa Kitulo haikauki mpaka kesho kutwa, na mwili unapoteza joto haraka kuliko anavyodhani. Nimepeleka wanafunzi kule. Mmoja alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, vidole havishiki kalamu. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamvika sweta za wenzake tatu, tukampa uji wa moto taratibu. Nusu saa akarudi kuwa yeye. Tangu siku hiyo mwanafunzi wa jinzi ninamwacha kwenye basi.

#10 Mkinga Halisi

Mimi ni mwenyeji na nitasema ambalo halijasemwa. Wacheni wapite.

Uwanda ule mababu zetu walichungia. Kisha likaja shamba la kondoo, baadaye ng'ombe wa maziwa, kisha hifadhi. Kila anayekuja anatuambia amekuja kuutunza. Kilichouumiza hasa ni biashara ya viazi vya okidi. Huku tunaviita kikande, Zambia ni chikanda. Vinachimbwa, vinasagwa, vinapikwa na karanga, vinakatwa kama mkate. Mimea ile haioti tena kesho. Ukishang'oa kiazi umemaliza. Magunia yalikuwa yanavuka Tunduma usiku. Hifadhi ilitokana na hofu hiyo.

Sasa mnataka watembee siku tatu, miguu elfu, wapite wapi? Ukanyage uwanda wakati umelowa, alama ya kiatu inakaa msimu mzima. Mimi sioni ubaya mgeni kutazama na kuondoka.

#11 Bwana Ramani

#10 umenigusa. Kwa faida ya wasomaji: uwanda huo kwenye maandishi ya zamani ya Waingereza unaitwa Elton, kwa jina la konsuli aliyepita huko mwaka 1877. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu bila kuomba ruhusa ya mtu. Na si okidi tu, kuna mbayuwayu wa buluu wanaokuja kutaga msimu wa mvua, na tandawala wakubwa wanaotembea kwenye nyasi kama wazee wa kanisa.

Lakini njia moja iliyojengwa vizuri, yenye mawe na mifereji, inakanyaga kidogo kuliko watu mia wanaotawanyika kwa sababu hakuna njia. Hapo nipo na mwanzisha uzi.

#12 Shangazi wa Lushoto

Salamu kutoka Usambara, naomba niingilie. Kwetu hatuna mnyama mkubwa hata mmoja, baridi ipo, mvua ipo, kona zipo. Wageni wanalala siku nne.

Mgeni anatoka Lushoto kwa miguu, analala kijijini, analala kwa masista wa Rangwi, anaishia Mtae anatazama nyika ya Mkomazi ipo chini yake kama mkeka. Njia hizo ni zetu sisi wenyewe za kwendea sokoni na msibani. Miaka ya tisini katikati Waholanzi wa shirika la maendeleo la SNV walisaidia vijana kujipanga, wakajifunza kuongoza, wakakubaliana bei na mgao wa kijiji. Barabara ilikuwa vilevile.

Kwa hiyo mimi siamini barabara wala mvua. Nauliza hivi: mgeni akifika kwenu, nani anamlaki na kumwambia "kesho tunakwenda hapa, keshokutwa pale"?

#13 Dereva wa Chimala

Shangazi, Lushoto mna lami mpaka mjini. Tusidanganyane.

#14 Shangazi wa Lushoto

Lami inaishia mjini, mwanangu. Mtae hakuna lami, na ndiko wanakokwenda.

#15 Kijana wa Mwanjelwa

Shangazi ameuliza swali zuri na jibu lake ni kwamba hakuna, na mimi najua sababu. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni miaka mitano.

Hesabuni wenyewe. Kitulo ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mlima Rungwe na Ngosi ni misitu ya TFS, wakala wa misitu. Mpanga-Kipengere yenye maporomoko ya Kimani ni ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Daraja la Mungu na Kijungu (shimo la mtoni lenye umbo la chungu) vipo eneo la Kiwira, na Kijungu unafikia ukipita eneo la chuo cha Magereza. Kimondo cha Mbozi kina wenyewe tena. Kila mahali kibali chake, malipo yake, namba yake ya malipo. Milima imeshikana, ukitembea huoni mpaka, lakini makaratasi yanaona.

Kuna lango moja, sitalitaja, tulifika saa mbili asubuhi na wageni wanne. Mtandao wa malipo haukuwepo. Pesa taslimu hawapokei, na ni haki, sheria ndiyo hiyo. Tukakaa mpaka saa saba. Askari wa pale alikuwa muungwana, alitukaribisha chai, alipanda kichuguuni na simu yake kutafuta mtandao mara tano. Ulipokuja, ukungu nao ukaja. Wageni wangu wakasema turudi mjini. Usiku wa pili ukafa hapo hapo langoni.

#16 Mama Ndulamo

Pole mwanangu. Huyo askari namfahamu nadhani, ana moyo.

#17 Mzee wa Bulongwa

Vijana, hamjambo. Mimi nimewahi kufanya hiyo safari anayoiota mwanzisha uzi, na si mara moja. Kutoka uwandani Kitulo, kupita Bulongwa, kushuka Milima ya Livingstone hadi Matema.

Kuna maandishi ya matangazo yanasema ni mwendo wa nusu siku. Aliyeandika hakutembea. Unatoka mita 2,600 unakwenda kama mita 500 usawa wa ziwa. Ni kushuka zaidi ya kilomita mbili wima, kwa magoti ya mwanadamu.

Siku ya kwanza ni nyasi na upepo, unavuka vijito vya maji baridi mpaka meno yanauma. Unalala Bulongwa. Siku ya pili unaamka saa kumi na moja, maana jua likikukuta mgongoni wa mlima unateseka. Kuna jiwe kubwa jeupe limepasuka katikati, hapo njia zinagawanyika. Ukishika ya kulia unaishia kwenye korongo. Ukishika ya kushoto, baada ya kama nusu saa msitu unafunguka na ziwa lote lipo chini, rangi ya chuma asubuhi, na mitumbwi kama punje za mchele mweusi. Kila nikifika pale hukaa. Sijawahi kupita tu.

Halafu hali ya hewa inabadilika miguuni mwako. Unavua sweta, unavua shati la pili, migomba inaanza, mikorosho na miembe, jasho. Jioni unaingia maji ya ziwa na vumbi la Ukinga bado lipo masikioni. Ukiwahi Jumamosi unakuta soko la vyungu vya Wakisi Lyulilo, akina mama wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe.

Kwa hiyo njia ipo. Imekuwepo kabla ya gari. Mababu walibebea ngano kushuka na samaki kupanda.

#18 Mtembezi wa Uporoto

Mzee shikamoo. Nimesoma mara tatu. Hiki ndicho nilichokuwa natafuta kusema nikakosa maneno.

#19 Binti wa Loleza

Mzee wa Bulongwa, umeniliza. Naomba niongeze la upande wa Mbeya mjini. Sisi wenyewe hatutembei. Nimekua chini ya Mlima Loleza, nimeutazama kila asubuhi nikienda shule, nimeupanda nikiwa na miaka 26 kwa sababu rafiki yangu Mjerumani aliniomba. Mwenyeji asipopanda, mgeni atamwiga nani?

Vyuo vya Mbeya vina maelfu ya vijana. Mwisho wa wiki wanakodi kosta, wanakwenda Ngosi, spika moja kubwa, picha pale juu ya ukingo, wanarudi jioni. Hawashuki majini, hawalali. Wanaoona kinyonga wa pembe tatu wa Uporoto ni wachache, na yupo pale pale njiani, kwenye kichaka, duniani hapatikani kwingine zaidi ya milima yetu hii.

#20 Mnyakyusa wa Syukula

Dada, kushuka majini Ngosi si mchezo, kuteleza ni kwingi, unashika mizizi. Na wazee hawapendi watu wapige kelele kule chini.

Halafu kuna anayejua kama kweli lile ziwa lina umbo la ramani ya Afrika? Mimi nikisimama pale ukingoni naona Afrika ikiwa na ukungu, bila ukungu naona yai.

#21 Bwana Ramani

Ukigeuza kichwa na ukitaka kuiona, unaiona. Cha uhakika ni kwamba ni ziwa la volkano, halina mto unaoingia wala unaotoka. Volkano za huku hazijafa zote: Kyejo ilimwaga lava mnamo 1800, wazee wa Rungwe wamesimulia kutoka kwa babu zao. Daraja la Mungu ni lava iliyopoa juu ya Mto Kiwira, maji yakala chini yake.

#22 Mnyakyusa wa Syukula

Na Mlima Rungwe ndio mrefu kuliko yote kusini. Hilo angalau hatubishani.

#23 Mkinga Halisi

Tunabishana. Mtorwi, Kitulo, mita 2,961. Rungwe 2,960.

#24 Mnyakyusa wa Syukula

Mita moja! Mkinga, mita moja ni kima cha kipunji amekaa juu ya jiwe. Nitapanda na tofali langu.

#25 Bwana Ramani

Mkinga yupo sahihi kwa vipimo vinavyotajwa sana. Ila nimeona ramani nyingine zinaipa Rungwe 2,981. Mpaka apande mtu na kifaa kimoja milima yote miwili, mtabishana vizuri.

#26 Kijana wa Mwanjelwa

Mnaona? Huo ubishi wenu ni siku mbili za mgeni. Mtorwi siku moja, Rungwe siku nyingine, apime mwenyewe. Nimewahi kumuuzia hivyo Mfaransa mmoja, alikaa siku tano.

#27 Dereva wa Chimala

Mfaransa alisema nani mrefu?

#28 Kijana wa Mwanjelwa

Alisema magoti yanauma.

#29 Mtoto wa Vwawa

Wakuu, mnataja kila kitu mnasahau Kimondo cha Mbozi. Tani 16 za chuma na nikeli, kimekuja kutoka angani, mtoto wa shule anakigusa kwa mkono. Siku hizi ni mkoa wa Songwe, tangu 2016, si Mbeya tena. Mgeni anaweza kukiunga kwenye safari.

#30 Mwalimu wa Jiografia

Mdogo wangu, tani 12 ndiyo inayotajwa sana siku hizi, 16 ni ya vitabu vya zamani. Ila ushauri wako una tatizo lile lile: kimondo kinaonwa kwa dakika ishirini. Nacho kinampeleka mgeni mbali na milima badala ya kumbakiza.

Na niseme hili kuhusu pesa za serikali na wafadhili. Ule mradi mkubwa wa utalii kusini wa mkopo wa Benki ya Dunia, REGROW, uliidhinishwa 2017 kwa Ruaha, Nyerere (wakati ule Selous), Mikumi na Udzungwa. Kitulo haikuwemo. Tukisema "kusini" huko juu wanaelewa Ruaha. Sisi wa milimani hatumo kwenye neno hilo.

#31 Shangazi wa Lushoto

Mwalimu, sisi hatukungoja kuwemo kwenye neno.

#32 Mkinga Halisi

Nimekaa nikafikiri maneno ya Mzee wa Bulongwa. Njia ya kubebea samaki ni ya kwetu. Ikipita humo, haikanyagi uwanda wa okidi zaidi ya ilivyokanyagwa miaka yote, na mwenye nyumba ya kulala pale Bulongwa atakuwa jirani yangu. Hapo nalegea kidogo. Kidogo. Lakini kijiji kiamue nani aongoze na wangapi kwa siku, la sivyo bado nasema wapite.

#33 Binti wa Loleza

Mimi nipo. Februari, watu sita, Kitulo hadi Matema. Kijana wa Mwanjelwa aongoze hifadhini, vibali tushughulikie wiki moja kabla ili mtandao ukigoma tusigome nao. Nani anakuja?

#34 Mtembezi wa Uporoto

Nipo. Bila jinzi, Mwalimu.

#35 Mama Ndulamo

Mkipitia kwangu semeni mapema, vitanda sita mablanketi kumi na nane. Na mleteni huyo Mkinga anywe chai, amegomba vya kutosha.

#36 Dereva wa Chimala

Nitawapandisha kama mvua itaniruhusu. Nikisema hapana, ni hapana, msinibembeleze.

#37 Mtembezi wa Uporoto

Mzee wa Bulongwa, swali moja kabla hatujafunga mizigo: lile jiwe jeupe lililopasuka, tutalitambuaje kama kuna ukungu?

#38 Mzee wa Bulongwa

Jiwe lipo, mwanangu, lakini nimeuliza leo kwa simu. Pale pote pamelimwa viazi, njia ya kushoto imeingia ndani ya tuta. Msikanyage mazao ya watu. Mkifika jiweni geukeni nyuma hatua kama mia, kuna nyumba yenye bati jekundu. Bisheni hodi, mwambieni mama wa pale mnakwenda ziwani. Atawatoa mtoto mmoja awafikishe hadi msitu unapoanza.